Bawabu wa Shina

"Nani amekusomea?"

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake. Watu wengine huuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za mifugo. Yeye akikuona unaingia darasani kwake na kompyuta kwapani aliuliza nani amekusomea, na kama huna jibu alirudi kumenya karanga zake kana kwamba ni upepo tu uliosukuma mlango. Mara ya kwanza aliponifanyia hivyo nusura nigeuke nirudi kwangu. Mimi ni fundi wa simu hapa Garsen. Nimezoea watu kuningoja mimi, na subira ya kuwangoja wao sina.

Tulimwita Bawabu. Jina alilopewa na wazazi wake sitaliandika, maana yeye mwenyewe alikuwa mkali sana juu ya majina ya watu kubandikwa kwenye kazi ya wote. Alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi, mwanamke wa makamo, mfupi, Mpokomo wa mtoni, binti wa wakulima, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alivaa mabuti ya mvua hata wakati wa jua kali, eti matope hayapigi hodi. Mbele yake tulimwita Mwalimu, nyuma yake Bawabu, mpaka siku aliposikia. Tukadhani tumekwisha. Akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Bawabu ni kazi ya heshima," akasema. "Asiyempenda bawabu ni mwizi peke yake."

Alichokilinda ni programu yetu. Ni programu huria, yaani mtu yeyote duniani anaweza kuichukua bure, kuisoma ndani, kuibadilisha na kumpa mwenzake. Kazi yake ni kupeleka ujumbe kwenye simu za watu wa sehemu za chini za mto Tana. Maji yakipanda Hola, huko juu ya mto, tunaambiwa kabla hayajafika kwetu. Na malka ikifungwa au ikifunguliwa, tunaambiwa vilevile. Malka, kwa asiyeijua, ni njia ya ng'ombe kuteremka mtoni kunywa maji, inayopita katikati ya mashamba. Wazee wa wakulima na wazee wa wafugaji hukaa pamoja wakakubaliana ipite wapi na ifungwe lini. Wakati wa kiangazi hakuna neno zito kuliko hilo huku kwetu. Malka ikifungwa bila mfugaji kujua, ng'ombe huingia kwenye mpunga wa mtu, na wakiingia kwenye mpunga wa mtu, yanayofuata sitaki kuyasimulia. Tumeshazika watu, wa huku na wa huku.

Kwa hiyo roho ya kitu chenyewe ni moja: mkulima na mfugaji wanapata ujumbe ule ule, na wanauamini. Siku upande mmoja ukisema, "Aa, hiyo ni programu yao," basi kwisha. Itabaki kuwa kelele ya simu. Bawabu alilijua hilo kuliko sisi sote, na ukali wake wote ulitoka hapo.

Maandishi ya programu yamewekwa mahali pamoja mtandaoni, na hapo tunapaita ghala. Ndani ya ghala kuna shina, ambalo ndilo linalotuma ujumbe wa kweli kwa watu wa kweli. Ukitaka kubadilisha kitu, hata herufi moja, hata kuandika kwamba malka fulani imefungwa, unachipua tawi, unafanya kazi yako humo, kisha unatuma ombi lisomwe na watu wengine. Wakiridhika, tawi linaunganishwa na shina. Shina lenyewe haliguswi na mtu. "Na wewe je, Mwalimu?" aliulizwa siku moja na kijana mmoja wa Minjila, mwendesha boda aliyejifunza kuandika programu kwenye simu yake akingoja abiria. "Mimi?" akasema Bawabu. "Mimi ndiye wa kwanza wa kuogopwa. Funguo ninazo."

Kijana huyo alimtesa sana, na yeye akampenda kwa hilo. Tawi lake la kwanza aliliita "mpya". Likarudishwa. La pili akaliita "mpya-kabisa". Likarudishwa. Kisha yakaja "mpya-ya-mwisho" na "mwisho-wa-kweli-sasa". Bawabu akamwita mbele ya darasa, akamuuliza, "Ukiwa na ng'ombe wote unawaita Ng'ombe, utamjuaje aliyepotea?" Mimi ni binti wa wafugaji, Muorma, na wallahi mfano ule ulinichekesha, kwa sababu yeye ng'ombe alikuwa akiwaogopa hata wakiwa wamefungwa. Lakini kanuni ikaeleweka: jina la tawi liseme kazi, lisimseme mtu. Wala asije mtu kutamba kwa jina la mpya.

Tawi pia lisikae. Akiulizwa kwa nini, hakujibu kwa habari za kompyuta, alijibu kwa habari za mto. Zamani, alisema, watu wa huko chini walichimba mfereji mdogo wa kupitisha mitumbwi. Wakaupanua kidogo, wakaupanua tena, mpaka mto wenyewe ukaupenda mfereji ukaacha njia yake. Waliokuwa wakilima kando ya maji wakajikuta wanalima kando ya mchanga. "Hawakuwa wabaya hao," alisema. "Walikaa kwenye tawi lao muda mrefu mno, wakasahau kurudi shinani. Lete kidogo kidogo, mwanangu. Lete leo."

Yeye mwenyewe, jamani, kidogo kidogo hakuijua. Akianza kuzungumza hakuna pa kuweka nukta. Alihubiri foleni, lakini nilimwona kwa macho yangu mawili kwenye mashine ya kusaga akipita mbele ya akina mama wote, eti ameacha sufuria motoni. Alikumbuka kila badiliko lililowahi kuingia kwenye ghala na aliyelisoma, ila majina yetu aliyachanganya mpaka mwisho. Mimi aliniita kwa jina la dada yangu miaka yote, nikachoka kumsahihisha. Kwenye kwaya ya kanisa lake alikuwa akimaliza ubeti kabla ya wenzake, kisha anawatazama kwa masikitiko kana kwamba wao ndio waliochelewa.

Na simu yake! Ikiharibika hakuileta kwangu, aliifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Kisha ananiletea vipande ndani ya mfuko, uso mkavu. "Sijui imepatwa na nini."

"Ulifanyia kazi kwenye tawi gani, Mwalimu?" nikamuuliza siku moja.

Akatazama barabarani. "Shinani," akasema kwa sauti ndogo, na kwa mara moja maishani mwake hakuongeza neno. Nilicheka siku nzima.

Sasa niseme habari ya kivuko, kwa sababu kanuni yake kubwa ilizaliwa hapo. Kulikuwa na msaidizi wetu mmoja wa mbali, hatujawahi kumwona uso, mtu mwema aliyejifunza Kiswahili kwenye kamusi. Alituma ombi akaeleza kwa adabu kwamba neno malka halionekani katika kamusi yake, na kwamba wasomaji wangechanganyikiwa. Akapendekeza "kivuko". Wakamsomea wawili, wote wa hapa mjini, watu ambao ng'ombe wanamjua akiwa kwenye sahani. Wakaona ni Kiswahili safi. Wakakubali, likaunganishwa.

Wiki hiyo hiyo wazee wakakubaliana kufunga malka moja upande wa Chara, mpunga ulikuwa unachanua. Ujumbe ukatoka: kivuko kimefungwa. Loo! Waliotaka kuvuka mto kwa mtumbwi wakarudi nyumbani. Mama mjamzito akaacha kwenda kliniki. Na wafugaji, ambao walikuwa wakitafuta neno malka na hawakuliona, wakasema basi, malka yetu iko wazi, kilichofungwa ni mambo ya mitumbwi. Wakateremsha ng'ombe. Ami yangu alikuwa miongoni mwao. Alifika kwenye mpunga wa watu na ng'ombe wake wenye kiu, akakutana na wakulima wenye mapanga, na wafugaji wakawa na fimbo, wakasimama hivyo wakitazamana mpaka wazee wa pande zote mbili walipofika wakihema. Hakuna aliyeguswa, alhamdulillahi. Lakini mpunga ulilala, na maneno yakaanza: programu ya wakulima, imewatega wafugaji. Upande wa pili nao wakasema ni ya wafugaji, imewafungulia njia.

Nilitegemea Bawabu amrarue yule msaidizi. Badala yake akamwandikia mbele ya watu wote: "Kosa si lako. Sisi tuliokusomea tulisoma kwa jicho moja." Kisha akaketi akaandika kanuni ambayo mpaka leo iko juu kabisa ya ghala letu: kila badiliko lisomwe na macho mawili, jicho moja la mtoni na jicho moja la malishoni, na bila hayo mawili shina halifunguki. Wa malishoni akanichagua mimi.

Yule kijana wa boda akanung'unika. "Mwalimu, huo si ni ukabila sasa?"

"Ukabila ni mmoja kusoma peke yake," akamjibu.

Kuna siku kanuni hiyo ilitaka kututoa roho. Maji yalikuwa yamepanda Hola kwa kishindo na programu ikanyamaza, haitumi kitu. Kijana akapata kosa lilipo, mstari mmoja tu. Akaja mbio. "Mwalimu, fungua nipush direct shinani! Tutaandika baadaye. Watu watachukuliwa na maji hapa, na wewe na kanuni zako!" Nami nilikuwa upande wake, sifichi. Hata wenzake Bawabu wa kwaya walikuwa upande wa kijana.

Bawabu hakupandisha sauti. Kwanza akawatuma waendesha boda wote wa stendi waende vijijini na vipaza sauti, akampigia simu imamu, akampigia mchungaji, watu wakaanza kuambiwa kwa midomo. Ndipo akamgeukia kijana. "Chipua tawi. Sasa hivi. Huyu atakusomea." Akanisukumia kompyuta. Nikasoma kwa hasira, nikitaka kumaliza haraka nimwonyeshe kwamba ametuchelewesha bure. Nikakuta kijana kwa haraka zake amebadilisha majina ya vijiji: wafugaji wa Minjila wangeambiwa wahamishe mifugo kuelekea Kilelengwani, yaani waingie kwenye maji kwa miguu yao. Nikamwonyesha kijana. Akashika kichwa. Akarekebisha, nikasoma tena, jicho la mtoni likasoma, tukaunganisha, simu zikaanza kulia stendi nzima. Bawabu akarudi kwenye karanga zake. Hakutuambia "niliwaambia", na kwa mtu anayependa kusema kama yeye, najua ilimgharimu.

Alipostaafu alinipa mimi funguo. Watu wakaguna. Wa mtoni wakauliza kwa nini mfugaji, wa kwetu wakauliza wametutegea nini. Yeye akajiondolea mamlaka yote mbele ya watu, akaandika kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni mchangiaji kama mwingine yeyote, akafunga mizigo akaenda kwao Kilelengwani kulima mpunga na dada yake. Nikabaki na lango na uso wa ujasiri wa kuazima.

Kiangazi kilichopita, ombi likaingia kwa jina lake.

Jina la tawi lilikuwa sahihi, maelezo mafupi, kila kitu mahali pake. "Kufunga malka ya shamba la chini, Kilelengwani. Sababu: mpunga unaharibiwa." Hakusema mpunga ni wa nani. Jicho la mtoni, yaani ndugu yake, lilikuwa limeshakubali asubuhi hiyo hiyo. Neno la wazee halikuwepo, na yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba malka haifungwi bila neno la wazee wa pande mbili. Kilichobaki kilikuwa jicho langu.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, nikajisemea. Lakini sikucheka. Nikikubali, ng'ombe waliokuwa njiani na kiu yao wangekuta njia imefungwa, wangepasua njia nyingine kwenye shamba la mtu asiye na habari. Na kila mfugaji angejua kwamba malka inafungwa na yeyote aliyewahi kushika funguo. Nikikataa, kungesemwa binti wa wafugaji amemkatalia mama mkulima aliyemfundisha kazi. Programu ingekufa huku au ingekufa kule, na mkononi mwangu. Na zaidi ya yote nilimpenda yule mama. Kumwandikia "limekataliwa", mtu wa umri wa mama yangu, kidole kilikataa.

Nikafunga duka, nikapanda boda, nikavuka mto kwa mtumbwi, nikaenda kumwambia kwa mdomo, kama mtu aliyelelewa.

Nilimkuta shambani, mabuti miguuni, anasimika miti ya ua. Nusu ya mpunga ulikuwa umelala chini, umekanyagwa, umekauka. Niliujua ukubwa wa kwato zile. Zilikuwa za ng'ombe wa kwetu.

"Umekuja," akasema. Hakuuliza habari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekubali?"

"Nimekuja tuzungumze, Mama."

"Sikukuita tuzungumze. Nilituma ombi." Akachoma mti ardhini. "Tazama! Tazama mpunga wa dada yangu. Mara ngapi? Wafugaji wanalala kwenye vivuli huko, ng'ombe wanatembea wenyewe kama wamekodi shamba. Nimekaa miaka nikiwalinda watu wote, mimi nani ananilinda?" Sikuwahi kumwona akilia, na hakulia, ila alinipa mgongo.

"Wazee hawajakaa, Mwalimu," nikasema. "Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi. Na hata ningeweza, nisingetaka."

Nikangoja matusi. Akageuka akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Sasa mbona umekuja kuninong'oneza? Kukataa kunaandikwa, na sababu yake, watu wote wasome. Ama kanuni hiyo mmeifuta?"

"Nilikuheshimu, Mama."

"Niheshimu kwa maandishi."

Nikatoa simu. Nikaandika nikiwa nimesimama kwenye mpunga wake uliolala: ombi limekataliwa, malka hii ilikubaliwa na wazee wa pande mbili, haifungwi na mtu mmoja, wazee waitwe waje wauone uharibifu, na walioharibu walipe. Nikatuma. Simu yake ikalia kifuani, kwenye fundo la kanga. Akaitoa, akasoma polepole, midomo ikitembea.

"Nilitaka ukubali," akasema. "Mungu ananiona, nilitaka sana. Na ungekubali, nisingekuamini tena maisha yangu yote."

Kisha akaanza kuandika. Aliandika muda mrefu, mtu wa maneno mengi, nikajua nimepatikana. Simu yangu ikalia. Chini ya kukataa kwangu, mahali ambapo kila mkulima na kila mfugaji mwenye simu ataona, palikuwa na maneno machache tu: "Shamba ni letu. Mimi ndiye niliyeomba kinyume cha kanuni. Amenisomea vizuri." Chini yake tena, tawi lilikuwa limefungwa, yaani ombi limeondolewa, kwa mkono wake mwenyewe.

Yeye akairudisha simu kwenye kanga, akainua mti mwingine wa ua, akaniwekea ncha moja mikononi.

"Usidhani hasira zimekwisha," akasema. "Shika hapo."